Baba anasema "mnakula maneno", na sasa sikio moja limeziba ghafla

Swali: Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 68. Amefanya useremala kwa zaidi ya miaka 30, mingi kati ya hiyo akiwa kwenye mashine za umeme. Mwaka wa nne huu tunaongea naye kwa shida. Anasema anatusikia, ila "mnakula maneno". Tukipaza sauti anakasirika kwamba tunamfokea. Wajukuu wameshakata tamaa, wakiwa na jambo wanalipeleka kwa bibi yao. Ana tabia ya kuchokonoa masikio kwa vijiti vya pamba, na tangu juzi asubuhi sikio la kushoto limeziba kabisa; anasema ni nta, ametia mafuta anasubiri ilainike. Ndugu yetu mmoja anataka kumnunulia kifaa cha kukuza sauti alichokiona mtandaoni. Kitamfaa? Au kuna dawa ya matone? Na mimi mwenyewe, nina miaka 34, nikishinda na vipokea sauti masikioni, usiku nasikia mlio. Je, nimerithi?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Umeuliza mambo kadhaa, lakini lililo zito kuliko yote umelitaja kwa kupita tu: sikio la kushoto lililoziba ghafla juzi asubuhi. Hilo ndilo la leo. Mpeleke baba akaonwe leo hii, kwa daktari wa masikio kama yupo karibu, na kama hayupo, kwa daktari yeyote mwenye kifaa cha kuchungulia sikio. Haya mengine mtayasoma mkiwa kwenye foleni.

Huenda baba yuko sahihi na ni nta. Daktari akichungulia, ndani ya nusu dakika atajua. Lakini kuna tatizo jingine ambalo mgonjwa hulieleza kwa maneno hayohayo, "sikio limeziba", na ndilo ninalolihofia: usikivu wa sikio la ndani kuporomoka ghafla, ndani ya siku tatu au chini ya hapo. Mtu hulala mzima, akaamka anahisi kama ameshindiliwa pamba upande mmoja. Pengine anasikia mvumo, pengine kizunguzungu. Maumivu hakuna, na hapo ndipo watu wanapodanganyika, kwa kuwa tumezoea kukimbilia hospitali pale panapouma. Dawa yake ni steroidi, yaani dawa kali za kutuliza uvimbe wa ndani, kwa vidonge au kwa sindano inayopitishwa kwenye kiwambo cha sikio, ile ngozi nyembamba iliyo mwisho wa njia ya sikio, na zinafaa kadiri zinavyowahi. Wiki mbili zikishapita, nafasi ya kuuokoa usikivu huo inakuwa imepungua sana. Wapo wanaopona wenyewe bila dawa, ni kweli, ila hakuna anayeweza kukuambia mapema kama baba yako ni mmoja wao. Wagonjwa wanaonikosesha usingizi ni wale wanaofika mwezi wa pili, mkononi wameshika chupa ya matone, wananiambia walikuwa wakisubiri nta itoke.

Mkiwa njiani kuna jambo dogo mnaloweza kulifanya. Jaribu wewe kwanza: ziba sikio moja kwa kidole, funga mdomo, kisha vuma "mmmm". Utasikia sauti yako imehamia kwenye sikio ulilolizibia. Ndivyo inavyokuwa kwa mtu ambaye njia ya sikio imezibwa na nta. Lakini kama kilichoharibika ni sikio la ndani, mvumo hukimbilia upande wa sikio zima. Sisi hufanya kipimo hichohicho kwa chuma chenye umbo la uma, tunakigonga kikavuma, tunakisimamisha katikati ya paji la uso, tunamuuliza mgonjwa anakisikia upande gani. Basi mwambie baba avume. Akisema anasikia kulia, kazeni mwendo. Akisema kushoto, msigeuze njia mkarudi nyumbani, kwa sababu kwa mtu ambaye masikio yote mawili yalishapungua, jaribio hili linaweza kupotosha.

Sasa tuje kwenye ile miaka minne.

Baba anaposema mnakula maneno, hasingizii wala hatafuti ugomvi. Ameeleza hali yake vizuri kuliko wagonjwa wangu wengi. Katika usemi, irabu ndizo zenye sauti nzito na nguvu. Ndizo zinazofanya tumsikie mtu kwa mbali. Konsonanti kama s, sh, f, t, k na ch ni nyembamba na dhaifu, nyingine karibu ni pumzi tupu. Usikivu unaopungua kwa umri na kwa kelele za kazini huanza kuliwa upande huo wa sauti nyembamba. Kwa hiyo baba anabaki na irabu, na kwa kuwa irabu ndizo zenye nguvu, anasikia kweli kwamba mtu anaongea, na kwa sauti ya kutosha. Kinachopotea ni kile kinachotenganisha neno na neno.

Chukua maneno saa, taa, kaa na faa. Ondoa herufi ya kwanza, yote manne yanakuwa kitu kimoja. Fika, shika, pika, vivyo hivyo. Na lugha yetu imetwika silabi ndogo mizigo mikubwa. Mjukuu akipiga simu akasema "Babu, sitafika leo", ile s ikidondoka kinachobaki ni "itafika", na ubongo, ambao haupendi kuacha pengo, unaliziba kwa neno lililo karibu: "nitafika". Mzee anakaa akimsubiri mtu aliyeshasema haji. Jioni anaambiwa amesahau, au kwamba uzee umemwingia vibaya, wakati kumbukumbu yake haina kosa lolote. Simu za kawaida zinazidisha tatizo, maana zenyewe hukata sehemu ya sauti nyembamba kabla haijamfikia. Na sauti za watoto ni nyembamba kuliko za watu wazima, ndiyo maana wajukuu ndio waliokuwa wa kwanza kumpotea. Hilo ningependa waambiwe. Waelewe kwamba babu yao hakuwa akiwapuuza.

Kwa nini upande huo uanze? Sikio la ndani lina mrija uliojikunja kama nyumba ya konokono, mizunguko miwili na nusu hivi; ukiunyoosha unapata kama milimita 35. Tunauita koklea. Umejaa maji, na ndani yake zimepangwa seli zenye vinyweleo vidogo mno, takriban 15,000 katika kila sikio. Sauti ikigonga kiwambo, inapokelewa na vifupa vitatu, nyundo, fuawe na kikuku, ambavyo huisukuma hadi kwenye maji ya koklea. Kila sehemu ya mrija ina sauti zake: kwenye kilele zinapokelewa sauti nzito, mlangoni zinapokelewa sauti nyembamba. Zile seli za mlangoni ndizo zinazochoka na kufa mapema. Ndege wana uwezo wa kuziotesha upya seli hizi. Binadamu hatuna. Tulizozaliwa nazo ndizo tutakazozeeka nazo, na miaka 30 ya msumeno wa umeme, unaoweza kufikia desibeli 100 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti), imemwondolea baba nyingi kabla ya wakati wake.

Na hapo kuna jibu la matone. Tone unalotia sikioni linaishia kwenye kiwambo. Matone yana kazi zake: kulainisha nta, kutibu maambukizi ya njia ya sikio, au sikio linalotoa usaha, kama daktari ameyaandika. Lakini hakuna tone linalofika kwenye koklea likafufua seli iliyokufa. Anayekuuzia tone la kurudisha usikivu wa uzeeni anakuuzia chupa tu.

Sasa kuhusu kumfokea. Seli za ndani zikifa, mtu hashindwi tu kusikia sauti ndogo. Nafasi iliyopo kati ya "sisikii" na "mnaniumiza" nayo inasinyaa. Sauti ya kawaida haifiki, ukiongeza kidogo bado haifiki, ukiongeza tena inafika yote kwa pamoja kama kofi. Pia ukipiga kelele, unachokuza ni irabu. Ile s bado ni pumzi. Unampa zaidi kile alichokuwa nacho na kile anachokosa hakijaongezeka, huku uso wako umekunjamana kama wa mtu mwenye hasira. Nani asiyekasirika?

Badala yake msogelee. Ukipunguza umbali kati yenu kwa nusu, sauti inayomfikia inaongezeka kwa takriban desibeli 6 bila wewe kupaza chochote. Mwite kwanza, subiri ageuke, ndipo uanze jambo lenyewe. Kaa mahali ambapo mwanga unaangukia uso wako, usiwe umeupa dirisha mgongo, kwa sababu bila kujua ameshajifunza kusoma midomo. Zima redio. Ongea taratibu kwa sauti yako ya kawaida, na asipoelewa mara ya pili, usirudie sentensi ileile mara ya tatu, ibadilishe. "Sitafika leo" iwe "leo nitabaki nyumbani". Na kuna maneno matatu nawaomba myafute kabisa humo ndani: "Basi, achana nayo." Mtu anayesikia vizuri hajui maneno hayo yanavyochoma. Mzee akiambiwa hivyo mara tatu kwa siku anaacha kuuliza, kisha anaacha kukaa na watu. Ukimya huo una gharama yake. Tume ya jarida la kitabibu la The Lancet, katika ripoti yake ya 2024, iliweka upungufu wa usikivu miongoni mwa mambo 14 yanayoongeza hatari ya dimenshia, yaani maradhi ya kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, na ambayo yanaweza kushughulikiwa. Hii haina maana kwamba baba anaelekea huko. Ina maana kwamba kumwacha pembeni ya mazungumzo kwa miaka si jambo la kuzoea.

Vijiti vya pamba aviache. Ngozi ya njia ya sikio hukua kutoka kwenye kiwambo kuelekea nje, polepole sana, ikibeba nta na vumbi hadi kwenye tundu, ambapo unafuta kwa kitambaa ukishaoga. Nta yenyewe hutengenezwa sehemu ya nje tu ya njia hiyo. Kwa hiyo ninapokuta nta imeshindiliwa mpaka kwenye kiwambo, najua kuna kilichoisukuma. Kiwambo kina unene wa kama sehemu ya kumi ya milimita. Mtu akigongwa kiwiko wakati kijiti kiko ndani, kinatoboka. Nta ikiziba, inalainishwa kwa mafuta ya zeituni au matone ya dawa kwa siku chache, kisha muuguzi anaisafisha kwa maji yenye joto la mwili. Maji yakiwa baridi, chumba kizima kitamzunguka mgonjwa. Mafuta hayatiwi kwenye sikio linalotoa usaha au lenye tundu, na ndiyo sababu ningependa sikio la baba lichunguliwe kabla hajaongeza tone jingine. Ile mishumaa inayowashwa sikioni eti kuvuta uchafu haivuti kitu; inaunguza.

Dharura ya sikio la kushoto ikishashughulikiwa, baba apimwe usikivu kikamilifu. Atakaa kwenye chumba kilichozuiwa kelele, atavalishwa vipokea sauti, atasikilizishwa milio moja moja, naye abonyeze kitufe kila anapousikia, hata kama ni kwa mbali. Majibu huchorwa kwenye karatasi inayoitwa odiogramu. Omba nakala, na ujifunze kuisoma, si ngumu. Kushoto kwenda kulia ni sauti nzito kuelekea nyembamba, kwa kawaida kuanzia hezi 250 hadi 8,000 (hezi ni kipimo cha wembamba wa sauti). Juu kwenda chini ni nguvu ya sauti iliyohitajika mpaka akasikia. Kadiri alama inavyoshuka ndivyo usikivu ulivyopungua. Sikio la kulia ni duara jekundu, la kushoto ni alama ya x ya bluu. Kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani, chini ya desibeli 20 ni usikivu wa kawaida. Sitashangaa mstari wa baba ukianza juu vizuri upande wa sauti nzito, kisha ukaporomoka upande wa kulia, na pengine ukawa na shimo karibu na hezi 4,000. Shimo hilo ni alama ya kelele. Mafundi wengi wa mashine wanalo. Watampima pia kwa kitufe kinachokaa kwenye mfupa nyuma ya sikio, ili ijulikane kama tatizo liko kwenye njia na vifupa au liko ndani. Na kama sikio moja ni baya zaidi ya jingine kwa tofauti kubwa, daktari anaweza kuomba picha ya kichwa kuhakikisha hakuna uvimbe kwenye neva ya usikivu. Uvimbe huo ni nadra, na kwa kawaida si saratani, lakini hautafutwi kwa kubahatisha.

Nimefika kwenye kifaa cha ndugu yako. Nia yake ni njema, lakini asubiri. Vikuza sauti vingi vya bei nafuu huongeza kila kitu kwa pamoja, na tumeshaona kwamba sauti nzito baba anazo. Zikiongezwa zitafunika zile nyembamba anazozihitaji. Kifaa halisi cha kusaidia kusikia, ambacho wengine hukiita shimesikio, hupangwa kwa kufuata odiogramu ya mtu: kinaongeza sana pale palipopungua, kidogo pale palipobaki, na kina kikomo ili sauti kubwa isimuumize. Masikio yote mawili yakiwa yamepungua, kwa kawaida vinafaa viwe viwili, kwa sababu ubongo hutumia masikio mawili kutenganisha mwongeaji na kelele za pembeni.

Hapa ndipo familia nyingi zinapokosea, kwa hiyo nikae kidogo. Kifaa hakifanyi kazi kama miwani. Siku ya kwanza baba atakichukia. Nilimvalisha mzee mmoja, akafunua gazeti, akashtuka akaniuliza ni kitu gani kinachochanika. Ilikuwa karatasi. Alipotoka nje akarudi kuniambia viatu vyake vinalia. Viatu vililia miaka yote, ni yeye aliyekuwa ameacha kuvisikia, na ubongo wake ulikuwa umesahau namna ya kuvipuuza. Kazi hiyo ya kujifunza upya huchukua wiki kadhaa, wengine miezi. Aanze kwa saa chache kwenye chumba tulivu, akiongea na mtu mmoja, kisha aongeze kila siku. Harusini na kwenye mikutano aende baadaye. Kikipiga filimbi, mara nyingi hakijakaa sawasawa sikioni. Kikimkera, arudi kirekebishwe, mara mbili, mara tatu. Hiyo ni sehemu ya matibabu. Kifaa kinachokaa kabatini ni kile ambacho mtu alipewa akaachwa peke yake nacho. Na ikitokea usikivu umepungua kiasi kwamba hata kifaa kizuri hakileti maneno, kuna kipandikizi cha koklea, kinachowekwa kwa upasuaji na kupeleka ishara za umeme moja kwa moja kwenye neva.

Wewe sasa. Mlio wa usiku hukuurithi kwa baba, ingawa namna masikio yanavyozeeka ina urithi ndani yake. Mlio baada ya siku nzima ya vipokea sauti ni seli zilizochoshwa. Mara nyingi hutulia, na kutulia huko ndiko kunakowafanya watu waendelee. Sikio linahesabu mambo mawili kwa pamoja: ukubwa wa sauti na muda. Kiwango kinachotumika sana kazini ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda unakatwa nusu: 88 kwa saa 4, 91 kwa saa 2, na ukifika 100 umebakiwa na dakika 15. Kwa vipokea sauti, Shirika la Afya Duniani linashauri wastani wa desibeli 80 usizidi saa 40 kwa wiki. Simu nyingi siku hizi zinaonyesha kiwango hicho. Kama yako haionyeshi, usipite asilimia 60 ya sauti yake. Anayeongeza sauti ili kushinda kelele za gari anaweka kelele juu ya kelele. Vipokea sauti vinavyoziba vizuri vingekusaidia usikilize kwa chini. Mpe sikio wiki mbili za mapumziko. Mlio ukibaki, au ukiwa upande mmoja tu, au ukidunda pamoja na mapigo ya moyo, njoo upimwe. Na kama baba bado anashika msumeno siku mojamoja, avae vizuizi vya masikio. Seli zilizobaki ndizo kifaa kitakazozitumia.

Mkiondoka kwenda hospitali, bebeni dawa zote anazotumia, na mtaje hata zile za zamani. Jentamaisini na streptomaisini, dawa za kuua bakteria, zinaweza kuua seli za koklea, baadhi ya dawa za saratani pia. Kwinini, na aspirini kwa kiwango kikubwa, huleta mvumo. Mwambieni daktari kama baba ana kisukari, kwa sababu steroidi hupandisha sukari. Na muandike kwenye karatasi siku na saa ambayo sikio la kushoto liliziba, na kama lilianza ghafla au polepole. Ndilo swali la kwanza mtakaloulizwa, na wewe ndiye utakayemsaidia baba kulisikia.